Sitaha imelainika: upige sindano, ufungue juu, au uingilie chini?

Ukipanda mashua, ukakanyaga mbele ya mlingoti, na kisigino kikazama kidogo kama umekanyaga godoro, usijifariji kwamba jua limelainisha rangi. Ndani ya sitaha kuna kitu kimeoza, au kuna tabaka zimeachana. Hayo ni mambo mawili, na ukiyachanganya utalipa mara mbili.

Naandika kutoka Bukavu, upande wa Nguba. Mimi na shemeji yangu tuna mashua ya tanga ya faiba, mita saba, iliyojengwa Ufaransa miaka ya 1970 na kufika Ziwa Kivu kwa njia ambayo kila mzee wa mtaa huisimulia kivyake. Njia tatu nitakazolinganisha tumezijaribu zote, mbili kwa hiari na moja kwa kukosa budi. Ile tuliyoanza nayo ilitupotezea mwaka mzima.

Kilichomo ndani

Sitaha ya mashua kama hii ni ngozi mbili nyembamba za faiba, ya juu milimita 3 hivi na ya chini nyembamba kuliko hiyo, na kati yake kiini chepesi cha unene wa sentimita moja na kitu. Mashua nyingi za miaka ile ziliwekwa kiini cha balsa, mti mwepesi unaotoka zaidi Ekuado, uliokatwa vipande vidogo vya mraba na kusimamishwa ili nyuzi zake zielekee juu na chini. Ngozi ndizo zinazovutwa na kubanwa unapokanyaga. Kazi ya kiini ni kuzitenganisha na kuzizuia zisitelezeane. Ukiongeza umbali kati ya ngozi hizo mara mbili, ugumu wa sitaha unaongezeka karibu mara nne. Ndiyo siri ya kitu chepesi hivyo kubeba watu wazima watatu wanaohangaika na nanga. Kiini kikifa, unabaki na karatasi mbili za faiba zinazochezacheza.

Maji hayaingilii katikati. Huingilia kwenye matundu ya skrubu: nguzo za kamba za pembeni, vifungio vya kamba, vyuma vinavyoshika nyaya za mlingoti, ukingo wa kifuniko cha mbele. Aliyetoboa alipita katikati ya balsa, akapaka gundi kidogo, akakaza, akaenda zake. Gundi ikizeeka, kila mvua inaacha tone lake, na matone hayo hutembea kwenye nyufa kati ya vipande vya balsa mpaka mbali na lilipo tundu. Tena maji matamu huozesha mbao kuliko maji ya bahari, maana chumvi huwabana kuvu. Na sisi mvua tunayo tangu Septemba hadi Mei.

Wavuvi wa sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, waliokuwa wakianika nyavu karibu nasi walicheka sana. Mitumbwi yao mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu ni mbao tupu. Ikivuja wanaona inapovuja, wanakalafati, wanarudi majini usiku huohuo. "Nyinyi mulificha mbao ndani ya plastiki," mmoja akatuambia, "sasa muko munaitafuta."

Gonga kabla ya kununua chochote

Maelekezo ya Wazungu yanasema ugonge sitaha kwa sarafu. Kongo mifukoni mna noti tu, kwa hiyo tumia mpini wa plastiki wa bisibisi. Gonga kila sentimita tano, polepole, asubuhi kabla mtaa haujaanza kelele. Pazuri panajibu kwa sauti kavu na fupi. Pabaya panajibu kama ngoma iliyoloa. Chora mpaka kwa chaki kila sauti inapobadilika, na usishangae mchoro ukiwa mkubwa mara mbili ya ulivyodhani.

Lakini sauti haikuambii kama ndani ni kukavu au kumeloa. Kwa hilo ingia ndani, lala chali, utoboe kutoka chini kwa keekee ya milimita 5: ngozi ya chini na kiini, usiguse ngozi ya juu. Zungushia ncha ya keekee utepe wa gundi mahali unapotaka isimame. Kisha angalia inachotoa. Vumbi jeupe lenye rangi ya krimu ni balsa kavu. Hapo tabaka zimeachana tu. Ikitoka kahawia na kuganda vidoleni, na ikanuka majani yaliyolala mvuani, pameoza. Fundi wetu wa Kadutu alisugua kile kilichotoka kati ya kidole gumba na cha shahada, akanionyesha: "Papa, humu hamuna mbao tena, ni bugali tu."

Kuna vifaa vya kupima unyevu kwa umeme. Vinasaidia, ila chuma kikiwa karibu vinadanganya, na rangi nyingine huvidanganya pia. Mimi naamini tundu.

Kwetu ramani ya chaki ilitoa sehemu tatu. Ya kwanza mbele ya mlingoti, mita 1.2 kwa sentimita 80, imeloa kabisa. Ya pili karibu na usukani, ukubwa wa sinia, imeachana lakini kavu. Ya tatu chini ya chuma cha waya wa mlingoti upande wa kushoto, upana wa viganja viwili, imeloa. Sehemu hizo tatu ndizo zilizotufundisha, kwa sababu kila moja ilidai njia yake, nasi mwanzoni tulizitibu zote kwa sindano.

Kupiga sindano

Hii ndiyo kila mtu huanza nayo kwa kuwa inaonekana rahisi. Unatoboa matundu madogo kutoka juu, unapita ngozi na kiini bila kuvuka ngozi ya chini, unasukuma epoksi nyepesi (resini inayochanganywa na kikaushio chake ndipo igande) kwa bomba la sindano hadi itokee tundu la jirani, unaziba, unaweka uzito juu, unasubiri.

Fanya hesabu kwanza. Mita moja ya mraba, matundu kila sentimita tano, ni matundu 400. Ukiyasogeza kila sentimita nne, ni 625. Kila moja unalitoboa, unalijaza, unalipiga msasa, unalipaka rangi. Mikwaruzo ya kuzuia kuteleza iliyokuwa kwenye sitaha inakufa yote. Basi ule "urahisi" ni wa tundu la kwanza hadi la hamsini.

Kosa kubwa zaidi ni kupiga sindano palipoloa. Sisi tulifanya hivyo Novemba, mvua ikinyesha karibu kila alasiri, chini ya shitingi. Tulijaribu kukausha kwa taa kubwa, kwa feni, kwa kifaa cha kukaushia nywele ambacho dada yangu bado anakidai, kisha tukamwagia asetoni kwa kuwa mtu alituambia asetoni "inafukuza maji". Asetoni inafukuza harufu nzuri ndani ya mashua, basi. Balsa iliyofungiwa kati ya ngozi mbili za faiba haina pa kupumulia. Unaweza kukausha ukingo wa kila tundu, na sentimita mbili pembeni pakabaki sifongo. Epoksi haiingii kwenye mbao iliyoshiba maji. Ilijaza matundu yetu 400 ikawa misumari 400 ya plastiki iliyosimama ndani ya bugali. Desemba sitaha ilikuwa ngumu, tukafurahi, tukapaka rangi. Aprili ilikuwa laini tena katikati ya misumari, na safari hii maji yalikuwa yamefungiwa vizuri zaidi kuliko mwanzo.

Sehemu ya pili, ile kavu ya ukubwa wa sinia, sindano iliiponya moja kwa moja, na mpaka leo inajibu kavu. Mwanya wa milimita moja kwenye eneo dogo kama lile unakula gramu mia chache tu za resini. Tulianza kusukuma kutoka tundu la chini kabisa la mteremko ili hewa itokee juu, tukaziba kila tundu kwa utepe lilipoanza kutoa, kisha tukapanga bidoni za njano za maji juu yake usiku kucha. Weka nailoni chini ya bidoni, la sivyo zitakuwa sehemu ya mashua.

Kwa hiyo sindano ni dawa ya tabaka zilizoachana zikiwa kavu, eneo dogo, kiini kizima. Nje ya hapo, kwa maoni yangu, ni njia ya kuahirisha kazi kwa gharama.

Kufungua juu

Hapa unakata ngozi ya juu, unaiinua, unakomba uozo, unaweka kiini kipya, unarudisha ngozi. Inatisha. Shemeji alishika grainda dakika nzima kabla ya kuigusisha sitaha, kama mtu anayetaka kumkata ng'ombe wa jirani. Lakini ndiyo njia pekee inayokuonyesha mwisho wa uozo ulipo, na mvutano wa dunia unakuwa upande wako: resini inakaa ulipoiweka.

Kabla ya kukata, ingia ndani uweke mihimili chini ya ngozi ya chini, ya mbao na vipande vya godoro, ikiigusa bila kuisukuma. Sitaha ina mgongo kidogo. Ukitoa ngozi ya juu na kiini, ngozi ya chini peke yake italegea, na utaijenga upya ikiwa na bonde ambalo maji ya mvua yatalipenda milele. Hili hatukuambiwa na mtu. Tuliliona baada ya kuinua, tukakimbilia mihimili.

Kata kwa diski nyembamba, kina cha ngozi tu, milimita tatu au nne. Chagua mstari kwenye ukanda laini kati ya sehemu zenye mikwaruzo ya kuzuia kuteleza, siyo katikati ya mikwaruzo, ili baadaye mshono upite mahali panapopakika rangi kirahisi. Pita nje ya mpaka wa chaki kwa sentimita tano hadi kumi. Pembe ziwe duara. Kisha chomeka patasi pana na uinue taratibu. Palipooza, ngozi inakuja yenyewe kama kifuniko cha sufuria. Palipo pazima inagoma, na kugoma kwake ni habari njema.

Kukomba uozo ni kazi ya saa moja. Kukomba balsa nzima iliyobaki kwenye kingo ni kazi ya siku, kwa sababu haitaki kuachia. Endelea hadi ukutane na mbao kavu ya rangi ya krimu kila upande. Ikiwa kingo zina unyevu kidogo tu, ziache wazi zikauke. Mbao yenye unyevu chini ya asilimia 20 haiozi, na mwezi wa Julai Bukavu wiki mbili za upepo chini ya shitingi iliyoinuliwa pembeni zilitutosha. Hapo ndipo kiangazi kinapolipa. Anayefungua sitaha Oktoba anafungua bwawa.

Kiini kipya kinalala juu ya epoksi iliyotiwa unga hadi iwe nzito kama karanga iliyosagwa. Unga bora ni silika laini inayouzwa kwa kazi hiyo. Sisi tulipoishiwa tulichekecha vumbi la mbao ngumu kwa kitambaa, likafanya kazi. Paka kwanza epoksi isiyo na unga pande zote mbili ili zinywe, halafu ile nzito, halafu kiini, halafu uzito. Tabaka ya milimita moja chini na milimita moja juu, kwa mita ya mraba, ni lita mbili kabla hujahesabu nyufa na kinachobaki kwenye vikombe. Tulinunua moja na nusu. Usinunue moja na nusu.

Ngozi ya zamani ikiwa nzima inarudi juu, upande wake wa ndani ukiwa umepigwa msasa mkali. Wengine huitupa na kujenga mpya kwa faiba. Inafaa ikiwa imepasuka, ila uzito na kazi ya kusawazisha vinaongezeka. Kwenye mshono, chonga kingo zote mbili ziteremke taratibu: kwa kila milimita moja ya unene, milimita 12 za mteremko, yaani milimita 36 kila upande kwa ngozi ya milimita 3. Jaza kwa kitambaa cha faiba, kipande chembamba kwanza au kipana kwanza (mafundi watagombana hapo, waache), tabaka tatu za kitambaa kilichoshonwa cha gramu 600 kwa mita ya mraba zikitosha kurudisha karibu unene wote.

Video nyingi zinaonyesha pampu ya kufyonza hewa badala ya uzito. Kwa urefu wetu wa mita 1,500 hivi juu ya bahari, hewa inabana kwa asilimia kama 83 ya inavyobana pwani, na bado hiyo ni zaidi ya tani 8 kwa mita ya mraba. Pampu hatukuwa nayo, na umeme nao hukatika unapopenda. Bidoni kumi na mbili za lita 20 ni kilo 240, na hazihitaji umeme. Mahali penye mgongo, mifuko ya mchanga inakaa vizuri kuliko bidoni.

Kuingilia chini

Sitasema mengi. Unabandua dari ya ndani, unakata ngozi ya chini, unakomba kiini huku kikikudondokea usoni, unagandisha kiini kipya juu ya kichwa chako kwa vijiti vya kukinga, halafu unapaka faiba iliyoloa resini kwenye dari. Faida yake ni moja: juu hapaguswi, rangi na mikwaruzo vinabaki. Kwa eneo kubwa, mimi sifanyi tena hata nikilipwa.

Tuliitumia kwa sehemu ya tatu, chini ya chuma cha waya, kwa kuwa dari hapo ilikuwa imeshang'oka na juu kulikuwa na chuma kikubwa ambacho hatukutaka kukizunguka. Viganja viwili tu, na bado resini ilishuka kwenye mkono wa shati hadi kwapani. Ukilazimika, fanya vipande vidogo, unga mwingi kwenye epoksi, na miwani ya kufunga macho.

Kiini gani

Chukua ile mita moja ya mraba ya kwetu yenye unene wa milimita 12. Balsa ya kilo 150 kwa mita ya ujazo ingekuwa kilo 1.8. Povu gumu la PVC la kilo 80, aina ya Divinycell na wenzake, kilo moja kasoro. Tripleksi, yaani mbao ya tabaka zilizogundishwa, ya mti wa okume, kama kilo 5 na nusu. Tripleksi nzito za sokoni ni zaidi.

Balsa inabana vizuri sana na inashikana na epoksi, ila imeshatuonyesha tabia yake. Povu halinywi maji wala haliozi, na kosa la baadaye kwenye tundu la skrubu halitaua sitaha nzima. Shida yake ni kulipata, na chini ya kitu kinachokandamiza halifai: mguu wa mlingoti ukikaa juu yake utaliponda. Tripleksi inapatikana, inakatika kwa msumeno wa mkono, inabeba mzigo, lakini ni nzito, haipindiki kufuata mgongo wa sitaha mpaka uikate vipande, na maji yakiingia hukimbia kwenye tabaka zake kama kwenye mfereji. Nunua ile iliyogundishwa kwa gundi isiyoyeyuka majini. Namna ya kujua: chemsha kipande kidogo kwenye sufuria kwa saa kadhaa. Ya kwanza tuliyonunua Nyawera ilifunguka kama kitabu.

Tukachanganya: povu sehemu kubwa, na tripleksi bora chini ya mguu wa mlingoti na kila mahali pa skrubu. Kama ningekosa povu kabisa ningeweka tripleksi ya milimita 6 mara mbili, vipande vya ukubwa wa kigae, kingo zake zote zikiwa zimelishwa epoksi. Kwa mashua ndogo, kilo nne au tano za ziada juu ya sitaha zinahisika kidogo kwenye upepo, lakini mashua iliyo mbavuni mwa gati kwa kukosa povu haiendi popote.

Mtu atakuambia utumie povu jeupe la kufungashia friji. Ni dhaifu mno, na ukilipaka resini ya poliesta linayeyuka mbele ya macho yako. Mwingine atakuja na kopo la povu la kunyunyiza la kuzibia madirisha. Linajaza, linaonekana, ila halishiki ngozi mbili zisitelezeane, na baadaye linanywa maji. Fundi mmoja alinipa wazo la parasolie, ule mti mwepesi wa msituni unaoota palipofyekwa. Wepesi unao, lakini nao huoza upesi, nilimshukuru.

Poliesta au epoksi

Mashua yenyewe ilijengwa kwa poliesta, na poliesta ndiyo unayoipata kwa urahisi kwa wanaotengeneza bodi za magari. Ni rahisi, inakauka haraka, na kikaushio chake ni asilimia 1 hadi 2 tu ya uzito, gramu 10 hadi 20 kwa kilo. Ubaya: inasinyaa kati ya asilimia 5 na 8 inapokauka, na inashikilia faiba ya zamani na mbao kwa unyonge. Kwa kujenga kitu kipya kwenye ukungu inatosha. Kwa kugandisha kiini kipya kwenye ngozi yenye umri wa miaka zaidi ya arobaini, mimi naweka epoksi bila kusita, hata bei ikiwa mara kadhaa.

Epoksi nayo ina masharti. Vipimo vyake havina mchezo: ukikosea uwiano haikauki kamwe, na kuongeza kikaushio ili "iharakishe" kunaiharibu. Soma kama uwiano ni wa ujazo au wa uzito, maana haulingani. West System, kwa mfano, ni tano kwa moja kwa ujazo na vikaushio vyake 205 na 206. Ya 205, yenye kasi, inafanya kazi hata nyuzi 5, wakati 206, ya polepole, inataka angalau 16. Kwetu usiku wa kiangazi ni wa sweta, kwa hiyo yenye kasi ndiyo salama jioni, na ya polepole ni ya mchana. Usichanganye nyingi kwenye kikombe kirefu. Shemeji alijaza kikombe, akasimama kujibu simu, kikombe kikaanza kutoa moshi mkononi mwake, akakirusha majini. Tangu siku hiyo tunamwaga kwenye sinia pana mara tu tukimaliza kukoroga.

Mkeka wa nyuzi zilizokatwakatwa, ule unaouzwa pamoja na poliesta, usiutumie na epoksi: gundi inayoushika huyeyuka kwa kemikali iliyomo kwenye poliesta, na epoksi haina. Tumia kitambaa kilichofumwa au kilichoshonwa. Epoksi ikikauka huacha utelezi kama mafuta. Uoshe kwa maji na sifongo ngumu kabla ya msasa, kisha paka rangi, maana jua huila. Rangi iwe nyeupe au karibu na nyeupe.

Kuhusu afya nitasema machache nayo ni ya lazima. Kikaushio cha poliesta kikiingia jichoni kinaweza kukupofusha. Miwani kila mara. Usikikutanishe moja kwa moja na ile dawa ya zambarau ya kobalti ya kuharakisha poliesta, kinaweza kulipuka. Epoksi ikikuzoea ngozi vibaya, mzio haukuachi tena maishani. Glavu, na ukichafuka tumia sabuni, siyo asetoni. Vumbi la faiba linataka barakoa ya kweli, kitambaa hakitoshi.

Na kuiacha?

Inawezekana. Sehemu ndogo, kavu au yenye unyevu kidogo, mbali na mlingoti na nyaya zake: ziba chanzo cha maji, chora mpaka kwa kalamu isiyofutika, andika tarehe pembeni, gonga tena baada ya miezi sita. Kama mpaka haujasogea, una muda. Kinachoharibu ni kuongeza tabaka la faiba juu ya sitaha laini "ili iwe ngumu". Inakuwa ngumu kweli, na nzito, na uozo unaendelea chini yake bila mtu kuusikia.

Njia yoyote utakayochagua, matundu ya skrubu ndiyo mwisho wa kazi. Toboa kila tundu kwa upana mara mbili au tatu, komba kiini pembeni yake, jaza epoksi nzito, ikikauka ndipo utoboe tundu la kweli katikati. Skrubu sasa inapita kwenye epoksi tupu na haigusi kiini. Chini ya chuma weka utepe wa butili ukiupata, au gundi ya poliuretani. Silikoni iache kwa mafundi wa vyoo, kwa sababu ilikopita rangi haishiki tena.

Sisi tulikuwa na matundu 38. Tulifanya 34. Nguzo ya nyuma upande wa kulia skrubu zake nne ziligoma kutoka, mvua ya kwanza ya Septemba ikatukuta hapo, tukafunika. Nimeigonga Jumapili iliyopita. Bado kavu, ila sentimita tatu kutoka ukingoni sauti imeanza kubadilika, na chaki iko ndani ya droo tukisubiri Julai.